Gaëlle wa Shituru na Pikipiki Iliyovaa Shaba

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Katika ua wa nyumba ya matofali mtaani Shituru, mjini Likasi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu anapiga kiki kwa mara ya tatu. Pikipiki inakohoa, kisha inanyamaza. Nje ya ua wamejaa majirani, wengine na miswaki bado mdomoni.

"Gaëlle, iombee!" anapaza sauti mama mmoja. "Shi njo moto ya maombi?"

Watu wanacheka. Gaëlle naye anacheka, lakini macho yake yako kwenye kabureta. Anageuza skrubu ndogo kidogo tu, anafuta mikono mapajani, anapiga kiki tena.

Safari hii injini inashika. Mlio wake ni mzito na mkavu, na kuku wa jirani wanatawanyika. Watoto wanaruka. Jua linapiga tangi la mafuta, na kwenye ukuta wa pili linatokea doa jekundu la mwanga, linatetemeka kama maji.

Tangi hilo lina rangi ya shaba kwa sababu limevishwa shaba.

Gaëlle ana miaka thelathini na mitatu. Ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Geti moja la kawaida hulisha nyumba yake, yeye na wanawe wawili, kwa karibu wiki mbili. Kazi hiyo alijifunza kwa kusimama nyuma ya mafundi wengine na kutazama.

Lakini pikipiki hii si kazi ya mteja. Ni Honda ya zamani ya baba yake, ambayo ameigeuza kuwa kile ambacho wapenzi wa pikipiki wanakiita café racer: usukani ulioshushwa, kiti cha mtu mmoja, mkia uliokatwa, hakuna bamba la kubebea mzigo. Anayeiendesha huinama mbele mpaka kifua kikaribie tangi. Mtaa umejaa walokole, na kwa kuwa huku pikipiki huitwa moto, jina lilipatikana siku ya kwanza: moto ya maombi, ya mtu anayeinama kama anasali.

Picha ya pikipiki kama hiyo aliiona kwenye simu ya mteja. "Nikasema, hii iko namna ya moto ya papa, wamepunguza tu," anasema. "Ile siku sikulala vizuri. Nilikuwa nakata na kuunga ndani ya kichwa."

Kwa watu wa Likasi, pikipiki isiyo na nafasi ya abiria ni kama sufuria isiyo na chini. Kila aliyepita getini aliuliza swali lilelile: client atakaa wapi? Na gunia la makala, yaani makaa?

"Niliwaambia, hii haina client. Iko yangu minye, mimi tu," anasema Gaëlle. "Walinihurumia."

Kwamba ni yake, hilo bado halijaamuliwa. Litaamuliwa leo.

Baba yake, mzee Albert, alifanya kazi ya kusafisha shaba kwa umeme kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alipostaafu alihamia kando ya ziwa Tshangalele kulima maharage, akaiacha Honda Shituru chini ya turubai. Watoto wake wawili wanaitaka. Georges, mdogo wake Gaëlle, ni dereva wa pikipiki ya kubeba abiria, na injini yake imechoka. Inatoa moshi mpaka abiria wanashuka wakipiga chafya. Injini ya Honda ingemwokoa.

Mzee aliposikia kwa simu kwamba binti yake amekata mkia wa pikipiki, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akatoa hukumu, na wote wawili wanaikumbuka neno kwa neno:

"Kama inafika huku kwa miguu yake mbele ya mwezi wa nane kuisha, iko ya Gaëlle. Kama hapana, Georges atakamata moteri."

Leo ni tarehe thelathini na moja.

Georges yuko getini, kamba ya nailoni imezungushwa begani. Ndiye atakayembeba mwandishi wa habari hii. "Kamba ni ya kukuvuta, yaya," anamwambia dada yake. "Na hizi spana ni za kufungua moteri pale pale njiani."

"Weye chunga moshi yako," Gaëlle anamjibu akivaa kofia ngumu. "Bantu watasema unauza makala."

Kabla ya kuondoka, Gaëlle anapitisha kitambaa kwenye tangi mara ya mwisho. Alipokuwa mtoto, hapo ndipo alipokaa, mbele ya baba yake, akipelekwa shule. Ndiyo maana, anasema, rangi ya dukani haikutosha.

Kuvisha chuma shaba si jambo geni kwa mtoto wa Shituru. Huku watu wanaijua kazi ya ndoo na umeme kama watu wa pwani wanavyojua chumvi. Gaëlle alikata pipa la plastiki, akatia maji ya bluu yenye sulfati ya shaba, akaning'iniza kipande cha shaba upande mmoja na tangi upande wa pili, akaunganisha betri ya gari. Umeme wa bwawa la Mwadingusha unapita juu ya paa lake, lakini hakuuamini: ukikatika katikati ya kazi, shaba hubaki na mstari usiofutika.

Mara ya kwanza tangi lilitoka likiwaka. Gaëlle aliita majirani. Kesho yake shaba yote ilibanduka kama ganda la kitunguu.

Alimpigia baba yake. "Akaniambia, chuma na mukuba hawapendane mara moja. Tafuta nikeli, iwe katikati. Iko kama mushenga wa ndoa." Mukuba ndiyo shaba, kwa lugha za hapa. Alitafuta nikeli mpaka Lubumbashi. Mara ya pili ikabanduka pembeni. Mara ya tatu ikabanduka chini. Ya nne ikashika, au ilionekana imeshika. Mzee hakuwahi kuiona, kwa simu alisema tu, "Tutaona."

Sasa barabara iko wazi na Gaëlle amelala juu ya tangi, viwiko ndani, magoti yamebana. Kwenye mlima wa kwanza Georges anabaki nyuma ndani ya moshi wake mwenyewe. "Anakimbia!" anapiga kelele, na haieleweki kama analalamika au anashangilia. "Ona vile anakimbia!"

Wanawake wenye beseni za mihogo wanasimama kutazama. Dereva wa lori anapiga honi ndefu. Kila kona jua linalipiga tangi, na Gaëlle anaonekana kutoka mbali kama mtu aliyebeba moto tumboni.

Anaonekana kutoka mbali hata kwa walinzi wa kizuizi.

Hapa chuma kimelala kukata barabara, na kila gari hukaguliwa, kwa sababu watu huvusha shaba ya wizi chini ya makaa na ndani ya mahindi. Kwa miezi yote ya kuitengeneza pikipiki, ndani ya ua wa watu wanaoijua shaba kuliko wanavyojua unga, hakuna hata mmoja aliyewaza kuhusu barrière, kizuizi hiki.

"Maman, zima moteri," anasema mkuu wa walinzi. Anaitwa Nicolas, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini. "Hii mukuba ilitokea fasi gani, wapi?"

"Kwa ndoo, chef."

"Kwa ndoo?"

"Niliipika mwenyewe."

Walinzi wawili wanaangua kicheko. "Bibi yangu anapika bukari ya unga," anasema mmoja, "huyu anapika mukuba! Maman, uko na dada?"

Nicolas hacheki. Anatoa mfukoni sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuisogeza kwenye tangi. Inaganda, tak.

"Shi unaona, chef? Chini iko chuma. Mukuba ni ngozi tu, namna ya karatasi."

"Sumaku inaniambia chini iko chuma," anasema Nicolas polepole. "Hainiambie mukuba ya juu iko na unene gani. Muntu mumoja alipita hapa na bomba ya chuma. Tukamwachia. Kumbe alizungushia mukuba nene kama sarafu na akapaka rangi. Wakubwa walinikamata minye." Anarudisha sumaku mfukoni. "Itabaki hapa mpaka Jumatatu. Mukubwa wangu ataiona."

"Jumatatu ni mwezi wa tisa, chef."

Gaëlle anamweleza. Baba, ziwa, mwezi wa nane, injini. Nicolas anasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Sina ubaya na weye, maman," anasema. "Niko na kazi."

Georges ameshashinda, na anajua. Anatazama kamba iliyo begani mwake kama mtu aliyebebeshwa na mwingine.

Gaëlle anavua glavu na kuchomoa ufunguo wa pikipiki. "Ukiona chuma, utafungua?"

"Nikiona chuma, nafungua."

"Yaya, hapana!" Georges ameruka kutoka kwenye pikipiki yake. "Hapana bwana! Kama ni lazima, fanya chini, fasi haionekane!"

"Chini muntu anaweza kukwangua mbele ya kuja, anitayarishie," anasema Nicolas. "Nitachagua minye." Anaweka kidole juu, upande wa kushoto, pale ambapo jua linawaka zaidi. Pale ambapo mtoto angeshika kwa mikono yake miwili.

Gaëlle anakandamiza ufunguo na kuvuta. Sauti ni fupi na mbaya. Anarudia mara ya pili palepale, kwa nguvu zaidi, mpaka kunabaki mstari wa urefu wa kidole. Walinzi waliokuwa wakicheka wametazama pembeni.

Nicolas anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anainama. Anakaa hivyo muda mrefu.

"Ni ngozi kweli," anasema. Anakwenda kuinua chuma mwenyewe. Gaëlle anapopita, anamsikia akisema, "Pole, maman. Iko muzuri sana."

Safari iliyobaki haina mbio. Mara kwa mara mkono wa kushoto wa Gaëlle unaachia usukani na kufunika mkwaruzo.

Mzee Albert yuko mbele ya nyumba yake akianika maharage kwenye turubai. Amekwisha kusikia mlio. Amesimama, mikono nyuma. Hamsalimu mtu. Anaizunguka pikipiki mara moja.

"Mukia iko wapi?"

"Nilikata, papa."

"Mm." Anagusa usukani, anagusa kiti. Kisha anauona mstari. Gaëlle anafungua kinywa, "Papa, hiyo ni kwa barrière, walini..." lakini mzee ameinua mkono anyamaze.

Anaweka ukucha wa dole gumba kwenye ukingo wa mkwaruzo na kujaribu kuibandua shaba. Haitoki. Anajaribu upande wa pili. Haitoki. Anamtuma Georges miwani, anapiga goti kwenye vumbi, anajaribu tena kwa ncha ya kisu cha kukatia maharage. Shaba imekaa.

"Nyekundu," anasema, kisu kikionyesha. "Nyeupe katikati. Nyeusi chini. Nikeli iko hapa, naiona." Anamtazama binti yake kwa mara ya kwanza. "Ilibanduka mara ngapi?"

"Mara tatu, papa."

"Ya kwangu ya kwanza ilibanduka mara tano. Sikuwaambia." Anainuka, magoti yakilia. "Kama ungefika na tangi muzima, ningesema ni muzuri tu, na ningebaki na mashaka. Hii imepasuliwa, na haibanduke." Kisha, bila kugeuka: "Georges, tafuta moteri ingine."

"Nilijua tu!" anasema Georges, na anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mzee anaomba kofia ngumu. Anapanda, anainama, na mtu mwenye umri wake anatoweka kwenye njia ya ziwa, nyuma yake vumbi na watoto wa kijiji kizima. Anarudi ameshika mgongo. "Hii kweli ni ya maombi," anasema. "Muntu anashuka anamwita Yesu."

Jioni wanapofunga vitu kurudi, Gaëlle ameshapanga. Jumatatu Georges alete injini yake; atamwondolea moshi, hiyo ni ahadi. Baadaye anataka kufungua sehemu ya kuvisha shaba: rimu, vishikio vya mageti, taa. Majirani wawili waliokuwa wakimcheka wameshauliza.

"Na yangu usiweke mukuba," anasema Georges. "Minye napita barrière kila siku. Lakini huo mukwaruzo, rudisha mu ndoo, utaisha."

"Hapana. Nitapaka verni, rangi ya kioo, juu yake, ibaki wazi."

Kizuizini kuna mlinzi mwingine, kijana ambaye hakuwepo asubuhi. Anainua mkono, anaona tangi, anaita wenzake. Gaëlle hashuki. Anageuza tu usukani kidogo, upande wa kushoto wa tangi umwelekee. Kijana anainama, anatazama, anainua chuma.

"Mpaka Lubumbashi kuko barrière ngapi?" Gaëlle anamuuliza mdogo wake wakishavuka.

"Nyingi sana, yaya. Juu ya nini?"

"Pasaka naenda huko na hii," anasema, na kulala tena juu ya tangi lake.