Dizeli Ina Wenyewe, Oili Haina

Simu ya dada yangu ilinikuta nyumbani Iftin, hapa Garissa, kabla ya adhuhuri, nimekaa kibarazani na chai yangu ya maziwa. Hakusalimu. Alisema tu kwamba opereta wa kisima chao amefariki alfajiri baada ya homa ya siku tatu, na kwamba wameshamzika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikasema, kama inavyopasa. Lakini nikwambie ukweli, msomaji wangu, maana tumezoeana na sina haja ya kujipamba mbele yako: kitu cha kwanza kilichonishika hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga. Niliweka kikombe chini, nikamuuliza dada swali ambalo mtu mwenye adabu hamuulizi mtu aliye msibani: "Ufunguo wa injini kaachiwa nani?"

Kisima chenyewe kiko katika kituo kidogo kando ya Hadado, huko Wajir. Serikali ilikichimba, serikali ikafunga injini ya kuvuta maji, halafu serikali ikaenda zake. Dada yangu ni mjane, na riziki yake yote ni mbuzi na ngamia watatu wanaokunywa hapo. Kisima kinachofuata ni mwendo wa siku mbili, na mvua mwaka huu imetupita tukiitazama. Injini ikifa leo, mbuzi wa dada yangu hawafiki huko. Mizoga ya ukame nimeiona njiani tangu utotoni, na sitaki kuiona tena nikijua ni ya nani.

Marehemu alikuwa mtu wa ajabu kidogo, na wengi walimcheka, nami nilikuwa mmoja wao. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyekundu za hina, na nguo zake zilinuka dizeli hata siku ya Idi. Mambo ya mifugo na ndoa tuliyazungumza Kisomali kama watu wengine. Lakini habari ikigusa serikali, alihamia Kiswahili chake cha sokoni, hata nikimjibu kwa Kisomali, kwani aliamini serikali husikia lugha hiyo peke yake. Siku moja alileta mbuzi kuuza Garissa. Alipolipa ushuru wa soko alimng'ang'ania karani ampe risiti, watu nyuma yake wakipiga kelele kwamba wanacheleweshwa na mwendawazimu. Alipoipata aliikunja akaisokomeza ndani ya kofia, akanigeukia huku akicheka. "Ona, mwandishi. Saa hii mimi iko ndani ya serikali. Wewe iko nje unaandika tu." Nilimtania kwamba serikali ni nene mno, haitatambua kama ameingia. Aliifikiria kauli yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Hilo la unene lilikuwa wimbo wangu, na wasomaji wa safu hii mnalijua. Miaka nenda miaka rudi nimeandika kwamba serikali zetu, ile ya Nairobi na hizi za kaunti, zimenenepa: magari, semina, maafisa wa kumsaidia msaidizi wa afisa, na kila mwaka mkono mpya mfukoni mwa muuza sukari. Sifuti neno hata moja. Tena sisi wa huku tuna sababu zetu. Wazazi wetu waliijua serikali kwa bunduki na kizuizi cha barabarani kabla hawajaijua kwa dawa au daftari la shule. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo ukimwambia alipe kodi, anasikia unamwambia amlishe fisi. Basi nikaandika kwa raha, na watu wakanipongeza msikitini.

Sasa sikiliza jinsi kisima kile kilivyoendeshwa. Wakati wa kiangazi kila mwenye mifugo huja na mtungi wake wa dizeli. Anaimimina, injini inawashwa, wanyama wake wanakunywa, dizeli ikiisha anaondoka na zamu inakuwa ya mwingine. Hakuna ugomvi, hakuna karani. Mimi niliusifu mpango huo katika safu hii: tazameni, nilisema, watu wanaojitunza bila kodi wala ofisi! Kisha marehemu akaleta pendekezo lake, kila kichwa cha mnyama kitozwe kitu kidogo kwa ajili ya kuitunza injini. Nikaandika makala ya kejeli. Nilisema wenye njaa ya ushuru sasa wameanza kuwafuata ngamia hadi kwenye birika la kunyweshea. Makala ile ilisomwa kwa sauti pale kituoni siku ya baraza, watu wakacheka mpaka machozi, na pendekezo likafa hapohapo.

Hakunikasirikia. Alikuja mpaka Iftin na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akaketi, akanywa chai yangu, akaulizia afya ya watu wote nyumbani. Ndipo akahamia Kiswahili. "Mwandishi, dizeli ya ngamia yako unaleta wewe. Sawa. Oili ya injini analeta nani?" Nikamwongezea chai. "Dizeli iko na mwenyewe. Oili ni ya watu wote, sasa hakuna mtu. Mimi nanunua. Mwaka ya nne sasa nanunua, nauza mbuzi yangu. Wallahi hakuna mtu anajua, hata mke yangu. Siku mimi nikikufa, injini inanoki, inakufa kabisa." Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu. Akasema aliwaambia, ndilo lile pendekezo nililolikejeli. Nikajisikia mdogo, nikamwahidi kwamba nitaandika makala nyingine ya kurekebisha. Aliondoka ameridhika. Wiki iliyofuata kulikuwa na jambo jingine moto, na iliyofuata jingine, na mimi ni mtu wa kupenda moto. Sikuandika. Mtu huyo ameingia kaburini akiisubiri makala hiyo, na mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua siri yake.

Siku ya pili baada ya simu nilisafiri. Pale mjini Wajir nilinunua kopo moja la oili, nikalishika mapajani njia nzima kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nilipofika matangani niliwakuta wanaume wamekaa kwenye mikeka, na nikashuhudia jambo ambalo sisi tunalijua vizuri kuliko wote: mchango wa mjane na mayatima ulikuwa umekamilika kabla ya chai ya pili. Aliyekuwa nacho alitoa, asiyekuwa nacho aliahidi mbuzi, hata ndugu wa mbali walituma kwa simu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Shida ikiwa na uso wa mtu, tunatoa. Nikasimama, nikawaeleza habari ya oili, mbuzi aliokuwa akiuza marehemu, na makala yangu ya upuuzi. Wengine waliinamisha vichwa, wakamwombea rehema. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya serikali. Dada yangu, aliyekuwa akipitisha birika la chai, akasimama mbele ya wanaume wote akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, si wewe uliyetuandikia tusitoe? Tulikusikiliza. Sasa unatutishia nini?"

Na muda wote huo, huko nyuma, injini ilikuwa ikinguruma. Nilitoka nikaenda kisimani nikiwa karibu nakimbia, mzee mzima, wazee wenzangu wakinifuata. Aliyeshika ufunguo ni mfugaji mmoja wa ngamia, mtu mkarimu, aliyeuchukua kwa sababu zamu ilikuwa yake. Nikamuuliza kama ameangalia oili. "Oili?" akasema. "Kwani inaangaliwa?" Nilimwomba azime. Waliokuwa kwenye foleni wakanipigia kelele, kwani ngamia walikuwa wamekaa siku nyingi bila maji na walishanusa birika. Nilichomoa kile kijiti cha kupimia. Kilitoka kikavu, ila ncha yake tu ilikuwa na weusi kidogo. Nikamimina kopo langu lote, injini ikapoa, ikawashwa tena, maji yakatoka. Watu wakanipa mikono. Wakaniombea dua ya umri mrefu. Kisha mzee mmoja, kwa furaha ya kweli kabisa, akawageukia wenzake akasema, "Alhamdulillahi. Tumepata mwingine."

Msomaji wangu, sijawahi kuogopa namna ile. Niliwaona wakirudi kwa wanyama wao wametulia, jambo limekwisha, kila mmoja ana dizeli yake. Kwao tatizo lilikuwa kwamba mtu mwema amekufa, na sasa ameletwa mtu mwema. Nami nina shinikizo la damu na miaka ambayo siitaji. Siku nikifa mimi, nani atanunua oili? Na hofu hiyo haikubaki Hadado, nimerudi nayo. Napita barabarani hapa Garissa nikitazama taa, bomba, chumba cha wazazi cha zahanati, na kila nikionacho najiuliza: hiki nacho kinatunzwa na mtu mmoja anayeuza mbuzi wake kimyakimya?

Basi haya ndiyo niliyomwahidi marehemu, yamechelewa. Serikali nene tuikaripie, tudai risiti, tumfukuze mwizi. Lakini kitu kinachotumiwa na wote, kila mmoja akilipie kwa lazima, kidogo kidogo, wakati bado kinafanya kazi. Hiari yetu ni nzuri sana kwa mwenye kufiwa, ila haijawahi kukumbuka injini. Kila kichwa cha mnyama kitozwe, na waanze na mbuzi wa dada yangu na kopo langu la pili. Leo asubuhi nimempigia dada simu kuuliza kama baraza limekaa. Hawajakaa, amesema, kwa nini wakae? Injini inakwenda vizuri.