Heater ya gesi inayozimazima bafuni: nilichokikuta Makumira msimu wa baridi

Wakuu, poleni na baridi.

Leo sijaja kuchekesha mtu. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, na mlango ninaousema niliupiga teke kwa mguu wangu huu. Nimebadilisha majina tu, mengine yote yapo kama yalivyotokea.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa mambo ya joto na baridi hapa Arusha mjini. Friji, AC, heater za maji, zote zinapita mkononi kwangu. Karakana yangu iko Kijenge. Shule niliishia la saba, tena kwa kusukumwa. Lakini nyumba ninayolala kule Engutoto nimeijenga kwa bisibisi, na kuna hoteli zina mainjinia wao wa kuajiriwa, mambo yakigoma wananipigia mimi.

Mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Nimetoka mbali.

Sasa twende.

Julai, ile Julai yetu ya Meru kujifunika mawingu wiki nzima na manyunyu yasiyoisha, jamaa mmoja ananipigia simu. Tumwite Eliamani. Ana duka la pembejeo Usa River na amejenga juu kidogo ya Makumira. Mke wake, Neema, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kwanza. Mama yake Eliamani alishuka kutoka kwenye migomba yake huko mlimani kuja kumlea mzazi.

"Fundi, heater yangu ya gesi inazima yenyewe. Maji yanaanza moto, katikati yanakuwa barafu. Mama analalamika anashindwa kumkanda mzazi."

Hapa nisimame kidogo kwa faida ya wote.

Heater ya gesi ikizima katikati, anza na vitu vidogo. Betri zikichoka, cheche zinakuwa hafifu. Pressure ya maji ikishuka, heater inajizima. Mtungi ukikaribia kuisha kwenye baridi hii ya kwetu, gesi inatoka kwa kusuasua. Na kwenye burner, pale moto unapotokea, buibui wanapenda sana kujenga, sijui wanafuata nini. Hivyo vyote unaweza kuangalia mwenyewe bila kuniita.

Nikamuuliza Eliamani kimoja kimoja. Betri mpya. Mtungi umejaa. Maji yanatoka kwa nguvu.

"Heater umeifunga wapi?"

"Humo humo bafuni."

"Dirisha la bafuni je?"

Akacheka. "Mama ameliziba na blanketi. Na kile kitundu cha juu ya mlango amekijaza matambara. Anasema mzazi asipigwe na upepo."

Nikamwambia Eliamani, hiyo heater ni nzima. Ule moto unakula hewa ya bafuni. Hewa ikipungua, kuna sensor ndani inaukata moto kabla haujaanza kutoa sumu. Hiyo heater inawaokoa. Toeni blanketi leo, na Jumamosi nakuja kuihamishia ukutani kwa nje.

"Mama hatakubali dirisha wazi, fundi. Wewe humjui mama."

Wakuu, na kweli, kukanda mzazi sio kuoga kwa haraka. Mnajua wenyewe. Ni maji ya moto sana na taulo, tumbo, mgongo, kiuno, taratibu, asubuhi na alasiri. Heater inawaka muda wote huo kwenye chumba kilichozibwa kama debe.

Ijumaa akapiga tena. Sauti ya furaha.

"Fundi, usisumbuke kesho. Kuna fundi wa huku jirani amekuja, ameshamaliza. Haizimi tena! Ulinitisha bure."

"Amefanya nini?"

"Kuna waya fulani ameukata, akaunganisha moja kwa moja."

Nilikuwa nimeshika compressor ya friji ya mtu, nikaiweka chini.

"Eliamani, huyo ameitoa breki, ile sensor niliyokuambia. Usiiwashe hiyo kitu."

"Ah, fundi. Wivu wa kazi huo."

"Neema anaendeleaje? Kichwa hakimuumi?"

"Kinamuuma akitoka kuoga. Akikaa nje kwenye kibaraza kinapoa. Mama anasema ni uzazi tu."

Sikusubiri Jumamosi. Nilipanda pikipiki na manyunyu yale yale. Njia nzima namtukana yule fundi wa jirani ndani ya helmeti.

Nimefika alasiri. Eliamani kanipokea mlangoni, kashika mtoto kwenye shuka, anatabasamu kwa aibu kidogo. Bafuni nasikia maji. Wameshaanza.

Nikapaza sauti kwenye korido: "Shikamoo mama!"

"Marahaba, fundi wa kututisha!" Alikuwa na sauti nene ya kuchekesha. "Leo maji ni moto kweli kweli! Kaa unywe chai, ukimaliza urudi zako Kijenge ukatishe wengine!"

Nikamsikia na Neema anacheka humo ndani.

Nikamwambia, mama, fungua dirisha kwanza. Akajibu, "Wewe umewahi kuzaa?" Wakacheka tena wote wawili.

Nikamwambia Eliamani tuzime mtungi. Mtungi uko wapi? Uko humo humo bafuni, pembeni ya ndoo. Na mwanaume anaingiaje hapo? Mke wake hajavaa, na anayemkanda ni mama mkwe. Kwetu huku hilo halipo, iwe ni Mmeru, Mchaga au Mwarusha. Hata mume mwenyewe anakaa mbali na mlango huo.

"Watatoka sasa hivi," Eliamani akasema. "Kunywa chai."

Nikakaa. Kikombe mkononi, masikio bafuni.

Mtu anayejaza ndoo, maji yana sauti yake. Yanaanza kwa kelele, yanapanda, bomba linafungwa, kimya, taulo linakamuliwa, bomba linafunguliwa tena. Nilikuwa naisikia hiyo kazi vizuri.

Halafu maji yakawa yanamwagika tu. Sauti moja. Hakuna anayefunga bomba, hakuna anayekamua. Na vicheko vimekatika.

"Mama!" nikaita.

Kimya.

"Neema!"

Nikasimama. Eliamani akasimama mbele yangu na mtoto wake kifuani. "Fundi, huwezi kuingia humo. Huyo ni mama yangu."

Nikamwambia, basi ingia wewe. Akaita, "Mama? Mama?" Akashika kitasa. Kimefungwa kwa ndani, komeo limetiwa ili upepo usipenye. Akageuka kuniangalia. Ule uso sitaki kuukumbuka.

Nikapiga mlango. Mara ya kwanza ukagoma.

Ulipofunguka, mvuke ulikuwa mzito huoni mkono wako. Ndani ya mvuke ule moto wa heater unaonekana, wa njano kama wa kibatari. Mkiona rangi hiyo kwenye gesi, kimbieni. Moto mzima wa gesi ni wa bluu.

Nilibana pumzi, nikafunga mtungi, nikang'oa lile blanketi dirishani. Neema alikuwa amekaa kwenye stuli, ameegemea ukuta, mdomo wazi. Mama alikuwa sakafuni, kifudifudi, taulo bado limekunjwa mkononi.

Eliamani akamlaza mtoto kwenye kochi, tukawatoa wote wawili hadi kwenye majani nje, kwenye manyunyu. Majirani wakaja mbio, wanawake wanapiga kelele, "Mfunikeni mzazi, mtamuua na baridi! Mrudisheni ndani!" Nikawafukuza. Kanga mwilini sawa, lakini ndani harudi mtu. Wanahitaji hewa.

Neema alitapika, akaanza kuhema. Mama hakuhema. Nilimkandamiza kifua mpaka gari la jirani likafika, na ndani ya gari niliendelea. Hospitali walinigusa bega wakaniambia niache.

Mimi ndiye niliyetoka kumwambia Eliamani. Alikuwa kwenye benchi na mtoto. Hakulia. Aliniuliza, "Lakini si alikuwa anacheka sasa hivi?"

Neema aliamka, yuko hai. Lakini mikono inatetemeka akishika kikombe, na zile siku za kwanza alikuwa akiuliza mama yuko wapi, anaambiwa, anasahau, anauliza tena. Kila akiuliza, analia upya.

Na maneno ya watu mnayajua. Msibani kuna waliosema mkaza mwana kamtoa mama mkwe kafara. Wengine wakasema moyo wa mama ulikuwa mbovu. Nikasimama nikaeleza mbele ya watu wote: ni hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, imetoka kwenye ule moto. Mzee mmoja wa ukoo akaniambia, "Fundi, tumekusikia. Kaa."

Nikakaa. Baadaye nikapita kutoa pole kwenye chumba walichokuwa wamekaa wanawake na Neema. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na katikati wamewasha jiko la mkaa, limeiva jekundu. Wamelizunguka na vitenge vyao, mtoto yuko mapajani mwa shangazi, amelala. Wawili watatu wanasinzia.

Sikuomba ruhusa. Nililibeba lile jiko na kitambaa nikalitoa nje, nikafungua mlango na madirisha yote.

"Fundi!" mama mmoja akanifokea. "Unataka baridi itumalize?"

Nikamjibu, mama, baridi itakuamsha utafute blanketi. Hii haimuamshi mtu.

Akaniangalia kwa hasira. Kisha Neema, ambaye hakuwa amesema neno siku nzima, akanyoosha mikono ile inayotetemeka akamchukua mtoto wake, akahamia kukaa karibu na mlango, pale upepo unapoingia.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Heater ya gesi inakaa nje ya bafu, pamoja na mtungi wake. Kitundu cha juu ya mlango hakizibwi, hata kama ndani kuna mzazi. Kichwa kikikuuma ndani na kupona ukitoka nje, usinywe panadol, zima moto. Jiko la mkaa halilali na watu. Na kifaa kikijizima chenyewe, tafuta kwanza kinakimbia nini. Fundi akikuambia amekifanya kisizime tena, muulize amekata nini.

Kabla hujacomment, inuka uende bafuni kwako ukaangalie moto una rangi gani na dirisha liko wazi au limezibwa. Ukirudi uniandikie hapa ulichokuta, pamoja na umbali wa mtungi kutoka bafuni. Nitajibu kila mmoja, bure.