Njumu za Mume Wangu

Ule ndio mwaka tuliokula maganda ya ndizi. Ndizi zenyewe ziliozea shambani tukiziona kwa macho, maana serikali ya mkoloni ilitufungia kijijini wakati wa Hali ya Hatari na lango lilifunguliwa kidogo tu, ukitoka unarudi mbio. Chache tulizowahi kukata tuliwapa watoto, sisi tukachemsha maganda na majani ya malenge, bila chumvi.

Mume wangu alikuwa amerudishwa Embu kwa lori, pamoja na watu wetu wengine waliofukuzwa Nairobi. Huko Nairobi alikuwa akilipwa kucheza mpira. Watu hawakuamini. Mwanamume analipwa kwa kukimbia? Mimi nililalia godoro lililonunuliwa na huo mpira, kwa hivyo niliamini.

Klabu yake ilisema itamchukua tena akipata kibali cha kusafiri. Tukangoja. Kila nyumba ililazimishwa kutoa mtu wa kuchimba mtaro kando ya msitu, wa kuwazuia wapiganaji wa msituni; nikaenda mimi, yeye asije akavunjika mguu. Jioni nilipaka njumu zake mafuta ya kondoo zisikauke, na viganja vyangu vimechubuka.

Jumapili moja hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaja. Timu ya homugadi, wale walinzi wa serikali, ilikuwa icheze na timu ya Siakago, na mpwa wake hakuwa na viatu vya kuchezea. Akasema akipewa njumu, kibali hakitachelewa. Mume wangu, ambaye Nairobi mabeki walimwogopa, akaenda kufungua sanduku kama mtoto aliyetumwa. Nikalikalia hilo sanduku.

"Mama, toka hapo," hedimani akasema. "Ni viatu tu."

"Mpwa wako hata ukimfungia ndani ya nyumba hawezi kupiga ukuta kwa mpira," nikamwambia. "Mwenye njumu yuko hapa. Mpe kibali aende nazo. Njumu hizi hazitoki hapa bila miguu yake."

Majirani walicheka, hata homugadi mmoja aliyekuja naye. Hedimani akaenda zake. Kibali hakikuja mpaka Hali ya Hatari ikaisha, na wakati huo hakuna aliyekihitaji. Klabu ilishapata vijana. Mume wangu akabeba kahawa hadi kiwandani mpaka uzee. Wako wanaosema mimi ndiye niliyemkosesha. Waseme. Kibali kilikuwa mfukoni mwa nani?

Juzi wakaja watu wa klabu na gari safi, wanataka njumu wakaziweke kwenye kabati la kioo, eti asisahaulike. Sasa ndio wanamkumbuka. Yeye amelala pale nyuma ya migomba. Nikalikalia sanduku, magoti yakalia, nikawaambia:

"Njumu hizi hazitoki hapa bila miguu yake."