Chembe ya Nne

Lavonne Ostby si mtu wa kuchekacheka. Kazaliwa Skagway, kazeekea Skagway, na kwa miaka ishirini na mbili amewafundisha watalii kuchekecha dhahabu kwa tabasamu analolivua mara tu meli inapong'oa nanga. Nyumbani kwake hata paka hupita kwa adabu.

Kazi yenyewe, tusidanganyane, ni uongo wa mji mzima. Kile kijito cha korongoni kiliishiwa dhahabu kabla bibi yake hajazaliwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla treni ya wageni haijapanda, Lavonne hupita kwenye mahori ya maji na kufukia chembe tatu za dhahabu chini ya mchanga wa kila karai. Zikiwa mbili mgeni hununa, zikiwa nne tajiri wake ndiye hununa. Mgeni huchekecha, huona kitu kinang'aa, hupiga ukelele, chembe zake hutiwa kwenye kichupa, na picha hupigwa. Hakuna anayerudi mikono mitupu, ndivyo wanavyojisifu huko gatini.

Sheria ya pili haikuandikwa popote, ila kila mtoto wa mji anaijua: mambo ya kutisha hayasemwi mbele ya wageni. Maporomoko ya mawe, dubu aliyemrarua mtu, daraja linalolia, hayo huzungumzwa wakati wa theluji, milango ikiwa imefungwa. Meli huja miezi michache tu kwa mwaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni ukimtisha, haji.

Siku hiyo mvua ilikuwa siku ya tatu inanyesha, mvua ya uvuguvugu isiyo ya kawaida kule. Lavonne alipanda alfajiri na kiberenge cha mafundi wa reli, akashuka kwenye kambi ya kuchekechea dhahabu na mfuko wake wa chembe, akaenda ukingoni. Kijito kilikuwa kimepungua. Siku tatu za mvua, nacho kimepungua hadi mawe ya katikati yakaonekana migongo. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kijivu, yakibeba vijiti vya misonobari vilivyovunjika vibichi.

Baba yake alifanya kazi ya reli mpaka akafa, na jambo hili alimwambia zaidi ya mara moja: mvua ikizidi na mto ukapungua, ujue mlima umeporomoka ukaukalia huko juu. Siku ukiinuka, usiwepo.

Alifukia chembe zake jicho likiwa mtoni muda wote, kisha akarudi mjini na kiberenge kile kile. Gatini alimkuta Dwight, msimamizi wake, kijana ambaye Lavonne mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Akamweleza yote. Dwight aliitazama meli, akamtazama yeye, akasema kesho atatafuta mtu wa kwenda kuangalia.

"Leo treni inajaa, mama," akamwambia. "Na huo uso, tafadhali, wageni wasiuone."

Basi Lavonne akavaa kofia yake ya kizamani na gauni refu la enzi za wachimbaji, akakaa nyuma ya meza ya tiketi. Hapo ndipo walipomjia wazee wawili, Harlan Pruitt na mkewe Odette, wanabishana tangu jana yake. Mke anataka mashua ya kwenda kuwaona nyangumi. Mume anataka treni na dhahabu, maana alilima ngano maisha yake yote na hakuna siku ardhi ilimpa kitu bila kumtoa jasho. Tiketi zilizobaki za treni zilikuwa mbili.

"Wewe ndiye mwenyeji," Odette alisema. "Ungekuwa na siku moja tu hapa, ungechagua lipi?"

Lavonne alifungua mdomo. Dwight alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anatabasamu.

"Treni," akasema. "Hakuna anayerudi mikono mitupu."

"Umesikia, bi mkubwa?" Harlan akacheka. "Nyangumi wako utawaona kwenye televisheni."

Lavonne alipanda nao. Wageni walining'iniza kamera madirishani kupiga picha maporomoko ya maji na madaraja. Yeye alitazama chini tu, na kila kona maji yalikuwa machache kuliko kona iliyopita. Alijichukia. Alijiambia watakaa kule nusu saa tu, kisha akajichukia kwa kujiambia hivyo.

Kambini kulikuwa kimya. Mahali ambapo siku zote ilibidi upaze sauti kuushinda mto ili usikike, leo ulisikia mtu akikohoa ng'ambo. Lavonne alimwendea konda, mtu mzima aliyeujua mlima, na konda hakubisha; akasema injini itakaa tayari, yeye awalete watu. Lakini watu walikwisha kuinamia mahori, na vigelegele vilikwisha kuanza.

Akapanda juu ya benchi. Akawaambia waache makarai wakimbilie treni, mafuriko yanakuja. Mmoja akapiga makofi. Kwa kofia ile na gauni lile walidhani ni sehemu ya maonyesho. Simu zikainuliwa. Bwana mmoja akamwomba arudie, mkewe hakuwahi kurekodi.

Hasira ikampanda.

"Hiyo dhahabu nimeitia mimi!" akasema. "Chembe tatu tatu, asubuhi ya leo, kwa mkono wangu huu. Hapa hakuna dhahabu hata ya kujaza jino. Mmechezewa, na mwenye kuwachezea ni mimi. Nendeni huko kwenye treni mkashtaki."

Loo! Lililoishinda hofu ya kifo, aibu ya kuchezewa ililiweza. Makarai yalitupwa. Walipanda tuta la reli wakimwita mwizi, tapeli, mwanamke asiye na haya, naye aliwafuata nyuma akiwaswaga kama kuku, akimeza kila tusi kwa shukrani.

Harlan alikuwa amekwisha kuketi karibu na mkewe. Alikuwa anakitazama kichupa chake dirishani.

"Mama, umesema tatu?"

"Tatu. Kaa hapo, mzee wangu."

"Mimi nina nne."

 Lavonne alikimbilia behewa la nyuma, ambako mama mmoja alikuwa amekwama mlangoni na kiti chake cha magurudumu. Alipomwingiza na kugeuka, aliona koti la njano kule chini. Harlan alikuwa amepiga magoti katikati ya kijito, karai mkononi. Alimwita kwa sauti yake yote. Mzee akainua mkono mmoja, kama anayeomba asubiriwe kidogo.

Ardhi ikanguruma kwanza. Kisha maji yakatokea kwenye kona, ya kahawia, na miti mizima ikiwa imesimama ndani yake. Treni ilitikisika juu ya tuta. Yalipopita hapakuwa na hori, wala benchi, wala hema, wala koti la njano.

Wakati wa kushuka hakuna aliyemtukana tena. Odette alikaa wima, kichupa mikononi. Mumewe alikuwa amemwachia akimwambia anarudi sasa hivi. Hakulia. Walipovuka daraja la pili alimwita Lavonne kwa kidole.

"Mdogo wangu, usinidanganye," akasema. "Kwenye karai lake ulitia ngapi?"

Lavonne aliikumbuka ile alfajiri, macho yako mtoni. Hakuwa amehesabu hata karai moja. Huenda alitia nne. Huenda alitia tano.

"Tatu," akasema.

Odette aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Basi hakufa mjinga," akasema, akakifumbata kile kichupa.

Lavonne alitaka kwenda kukaa, lakini Odette alikuwa amemshika mkono kwa shukrani, na hakumwachia mpaka wakafika mjini.