Moto kwa Watu wa Nyota

Mada ilitoka ofisini kwa mwalimu mkuu, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi: wakimbizi wakija kutoka nyota nyingine, binadamu tuwapokee vipi? Ilikuwa ya mdahalo, na mwalimu wa mdahalo ni mimi, kwa hivyo sikuwa na pa kukimbilia. Nilicheka peke yangu pale korido. Hapa Kanja mwanamke akiolewa kutoka Meru, hapo tu, anaitwa mgeni mpaka apate wajukuu. Leo eti tujadili watu wa nyota.

Watoto hawakucheka. Walisema wageni hao wapimwe magonjwa kwanza, halafu wachukuliwe alama za vidole, kama wana vidole. Mmoja akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi nao wapewe vikapu waende kuchuma majani chai. Kisha akasimama kijana mmoja anayependa kuongea kama mhubiri. Akasema wajengewe kambi huko chini Kiambere, kwa sababu huko ni joto na vichaka tu, hakuna watu. Darasa zima likampigia makofi.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Chaki ilikatika mkononi. Huko anakosema hakuna watu ndiko nilikozaliwa, na kizingiti cha nyumba yetu kiko chini ya maji ya bwawa mpaka leo. Nilimeza maneno, maana mtoto hana kosa kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Ndipo msichana wa dawati la nyuma akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, na huko kwao mgeni hupokelewa vipi? Tusije tukawafanyia wema wetu, wao wakaona tumewatukana."

Nilimwambia ni swali zuri. Hivyo ndivyo sisi walimu husema tukikosa jibu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama jikoni anachambua mbaazi. Yeye ni mzee sasa, magoti yamemchosha, lakini mbaazi mbovu haimpiti. Nikamweleza mada ya mdahalo, nikijua atacheka.

"Nyota yao imefanyaje?" aliuliza.

"Imeharibika, mama. Haikaliki tena."

"Imefunikwa na maji?"

Nikasema labda. Alichambua mbaazi kidogo, kisha akasema, "Basi waletewe moto. Mimi hakuna aliyeniletea."

Nilikuwa na miaka minane tulipohama. Maji ya bwawa yalikuwa yanapanda, na baba alikuwa amepata kashamba huku juu Kanja, kwenye baridi na kahawa. Kitu ninachokumbuka ni mama akipanga mafiga matatu siku tuliyofika, akaweka chungu juu yake, chini hakuna moto, akakaa. Alikaa siku nzima. Sisi watoto tulikula mahindi mabichi. Kesho yake akakaa tena. Baba akachoka kumtazama, akaenda dukani akanunua kiberiti. Mama alipika, lakini mama niliyemjua kule mtoni, aliyekuwa akiimba akitwanga, sikumwona tena. Nilidhani ni baridi. Mtoto hutafuta sababu iliyo karibu.

Sasa ndipo mama aliponiambia alichokuwa akingoja. Kwao, mgeni anayekuja kukaa haombi moto. Mwenyeji wa karibu ndiye humletea kaa la moto kutoka jikoni mwake, na kuanzia hapo mgeni si mgeni tena. Mama alingoja jirani yetu, mama wa ng'ambo ya ua wa michongoma, avuke na kaa moja tu la moto. Hakuvuka. Tangu hapo wamesalimiana juu ya ua kila asubuhi, habari, nzuri, zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuingia jikoni kwa mwenzake.

"Sisemi ni mbaya," mama alisema. "Ni kwamba mimi bado sijafika. Nimezeeka nikiwa njiani."

Maneno hayo yaliniuma. Nikakumbuka safari zake za Ishiara. Kila baada ya miezi michache alikuwa akishuka soko la Ishiara, eti anafuata mtama, na kurudi na kamfuko kadogo kasikotosha hata uji wa siku mbili. Tulimtania sana. Kumbe alikuwa akienda kukaa karibu na watu wenye vumbi miguuni, awasikie wakiongea Kimbeere, lugha ya kwao, basi.

Mimi si mtu wa kulala na jambo. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, nilizunguka kwa barabara nikaenda kwa jirani. Alikuwa anaanua nguo. Nikamsalimu kwa heshima, halafu heshima ikaniishia. Nikamwuliza alikosewa nini na mama yangu hata akamnyima moto.

Alinitazama kana kwamba nimeingia na kiatu kitandani. "Mwalimu, moto gani?"

Nikamweleza. Akaketi polepole kwenye kigoda, nguo zikiwa mapajani. Akasema kwao moto haupelekwi. Ukimpelekea mtu moto ambao hakuuomba, umemwita maskini mbele ya watoto wake. Mgeni mwenyewe ndiye huja kuomba, na akiomba, unajua amekubali kuishi na wewe. "Nilifukia kigogo kwenye jivu siku mbili," alisema. "Kila asubuhi nilifagia hiyo njia. Nikimsikia mbwa akibweka, nachungulia. Halafu nikasikia mumewe amenunua kiberiti. Nikasema sawa, hawa hawatutaki."

Nilikuwa nimekuja kumkasirikia mtu, nikakosa mtu. Kutoka mlango wake hadi mlango wetu si hatua mia, na wanawake wawili walikuwa wamekaa huku na huku wakingojana, kila mmoja amefanya adabu yake yote. Niliaga nikarudi. Mama sikumwambia kitu, kwa sababu sikujua kama yule mzee atafanya lolote, na sikutaka mama angoje mara ya pili.

Jumamosi adhuhuri tulimwona jirani barabarani. Alikuwa amebeba karai kuukuu kwa mikono miwili, ndani kuna jivu, na juu ya jivu kigogo kinachofuka. Alitembea hatua fupi fupi kwa ajili ya matope. Nilitaka kukimbia nimpokee, mama akanishika sketi.

Githeri ya mahindi na mbaazi ilikuwa inachemka. Mama aliipua sufuria, akavuta kuni zote nje ya mafiga, akachukua maji ya kuoshea vyombo akayamwaga juu ya moto wake mwenyewe. Jirani akaingia jikoni kumejaa moshi, tukakohoa sote watatu. Alifuta jivu lililolowa kwa kiganja, akaweka kuni kavu, akasogea. Jirani akapiga magoti akaweka kigogo katikati, wakapuliza pamoja, wazee wawili wasio na pumzi, mpaka ukawaka.

"Karibu, Mama Mwalimu," jirani alisema. Alisema hivyo akiwa jikoni kwa mama.

"Asante. Nimefika."

Jirani alikaa. Nikawapikia chai. Kisha akauliza, "Kwenu kulikuwaje?"

Mama alianzia langoni. Alitaja mkwaju uliokuwa upande wa kushoto, na jiwe la kusagia wimbi alilopewa na mama yake, ambalo halikutosha kwenye mizigo. Alitaja mizinga ya nyuki ya baba, ni mingapi na iko mti gani. Alitaja mahali mto ulipokuwa ukipunguza sauti wakati wa kiangazi hata ukasikia mbuzi wa ng'ambo. Chai ilipoa. Mengi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nimefundisha watoto wa watu kuuliza maswali miaka yote hii, na hilo moja sikuwahi kumwuliza mama yangu.

Jirani alipoondoka, mama alianza kulia. Hakulia tulipohama, hakulia baba alipofariki. Nikamshika bega, nikamwambia mama, si sasa umefika?

"Ndiyo maana," alisema. "Mtu akiwa njiani halii, ataanguka. Sasa nimefika, wacha nipakumbuke kwetu."

Nilimwacha alie. Nilirudisha githeri motoni, nikakaa karibu naye, na baadaye kidogo nikamwomba anisimulie tena ile ya mkwaju.