Nyoka Wachanga Walivyomgomea Verna

Verna Schrag alipikia watoto wa shule yetu hapa Kansas tangu ujana wake hadi alipostaafu, na alijivunia jambo moja: hakuna mtoto aliyemshinda kwa chakula. Wasiopenda maharage aliwasagia kwenye mchuzi. Waliobana midomo aliwachekesha mpaka ikafunguka. Kwa hiyo nyoka aliyemfuga nyumbani, wa aina isiyo na sumu iitwayo nyoka wa maziwa, alipotaga, na mayai yakaanguliwa, hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Walitoka wembamba kama kamba za viatu, wenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kila mmoja akamweka kwenye kikopo chake cha plastiki chenye matundu. Akangoja wajivue gamba la kwanza, kisha akawapa vitoto vya panya kutoka kwenye friza, vimeyeyushwa barafu, laini, bado havijaota manyoya. Hawakula. Walitetemesha mikia, wakamnyea mkononi, wakajificha chini ya karatasi.

Akawapasha panya moto zaidi. Wapi! Akawaosha waondokwe na harufu. Wapi! Akampasua panya mmoja kichwa mezani ili ubongo unukie. Delbert, mumewe, aliyekuwa akipaka mkate siagi kwenye meza hiyo hiyo, akanyanyuka na sahani yake.

"Unakwenda wapi, Delbert?"

"Nakwenda kula mahali ambapo hapapasuliwi ubongo."

"Kaubongo kadogo hivi!"

"Na waliomo kwenye friza, kando ya aiskrimu yangu?"

"Nimewafunga mifuko miwili."

"Juzi nimeifungua yote miwili, mama, nikidhani ni zile verenike zako za unga na jibini zilizobaki. Maji ya kuzichemshia nilishayabandika!"

Verna akampigia simu Lyle Unruh, mfugaji wa nyoka wa siku nyingi kule Hutchinson.

"Lyle, hivi viumbe vyako vinataka nini?"

"Mjusi."

"Nimewapa panya mzuri kabisa!"

"Huko porini wakiwa wadogo wanakula mijusi. Msugue panya kwenye mjusi, anuke mjusi. Watadanganyika."

"Yaani nimsake mjusi, nimbembeleze, nimpakae panya?"

"Usimbembeleze. Msugue tu."

Mimi jirani yao nilimwona kwa macho yangu nyuma ya kanisa, kapiga magoti, anafunua mbao kuukuu. Mchungaji akapita, akamuuliza amepoteza nini.

"Sijapoteza kitu, mchungaji. Natafuta mjusi."

Mchungaji akasubiri maelezo. Alipoona hayaji, akaendelea na safari yake.

Mjusi alipatikana, akaponyoka, akamwachia mkia mkononi. Mkia ukatosha. Panya wakasuguliwa, na nyoka wakala, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mmoja.

Huyo aligoma kabisa. Verna alimfungia gizani na panya, akampungia panya kwa koleo mpaka mkono ukafa ganzi. Nyoka aliuma koleo, akalitema. Majira ya baridi yalipokaribia, uti wa mgongo ulikuwa umemtokeza.

"Wengine hawaishi," Lyle akamwambia. "Au jaribu kumlaza kwenye ubaridi, na maji tu, kama wanavyolala porini majira ya baridi. Anaweza kuamka na njaa. Anaweza asiamke."

"Nimelisha nusu ya wilaya hii!" Verna alifoka. Akakata simu.

Akamshusha nyoka yule kwenye chumba cha chini ya nyumba. Delbert, bila kuambiwa, akahamisha viazi vyake kumpisha. Kila Jumapili baada ya ibada Verna alishuka kutazama maji, akapanda.

Majira ya kuchipua yakafika. Akampandisha, akamwacha apate joto. Harufu ya mjusi hakuwa nayo tena, kwa hiyo akamtupia panya mtupu, apate tu kusema amejaribu.

Ukelele wake nikausikia uani kwangu. Nikakimbia nikijua Delbert kaanguka.

"Mtazame! Mtazame mshenzi huyu!"

"Si anakula?" nikamuuliza.

"Anakula! Panya wa kawaida! Hana mjusi, hana nini! Mwaka jana ilikuwa nini, eh? Niambie wewe, ilikuwa nini?"

Delbert alikuwa ameegemea mlango, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Miguu ya panya ikazama kinywani mwa nyoka. Yule nyoka akainua kichwa, akatoa ulimi.

"Na bado anataka mwingine," Verna akasema, akaenda kufungua friza huku akimtukana.