Unga wa Kapsuli kwenye Ufizi wa Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba uvimbe ukinywea, ugonjwa umekwisha. Kila ufizi wa baba ulipotoa usaha, nilinunua kapsuli za ampisilini kwenye duka la dawa mtaani kwetu Hewa Bora, nikazifungua na kumwaga unga wake juu ya meno ya mbele. Sikusomea udaktari; nilisoma kwenye simu tu. Lakini nilichemsha maji, nikanawa mpaka viwiko, pamba ikianguka chini nikafoka. Usafi ule ulinidanganya. Kwa miaka nililea jipu. Na nakiri: nilitaka niwe mimi niliyemponya.

Baba hakutaka kung'olewa. Alipuliza tarumbeta katika fanfare, bendi ya parokia, kama alivyopuliza babu aliyekuwa fundi wa reli, na mdomo wa tarumbeta huegemea meno yale yale yaliyooza. Kinywa chake kilinuka. Nilikaa naye mezani nikiwa nimegeuza uso.

Mwaka jana, kwenye mazoezi, nusu ya mdomo wake ililegea na tarumbeta ikatoa hewa tupu. Mkono wa kulia ukashindwa kufunga sanduku la tarumbeta. Jioni alikuwa sawa, akasema ni uchovu. Tuligombana mpaka akakubali kwenda hospitali.

Daktari alisema kiharusi kidogo kimepita, na kikubwa kinaweza kufuata. Sababu kubwa ni presha. Nikauliza kuhusu meno. Hakuna awezaye kuapa kwamba meno ndiyo yaliyoleta kiharusi, alisema, ila maambukizi ya bakteria yanayokaa mwilini miaka na miaka huchokoza mishipa ya damu, na mwenye presha hahitaji adui wa pili. Dawa ameze kila siku, na meno yatoke.

"Papa, batoe ile meno," nilimwambia tulipotoka, mimi, yeye na mama.

"Nitapuliza na nini? Na matako?"

"Na ukikufa, utapuliza na nini?"

"Docteur ya telefone! Miaka yote uko namwanga poda mu kinywa yangu, 'Papa, inapona, inapona.' Leo iko naua?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kiburi chake kitamlaza kitandani, mama amlishe uji kwa kijiko kama mtoto.

Mama akasimama katikati ya barabara. "Nani alikuambia miye nitamulisha? Ile trompete yake imulishe!"

Baba alimtazama usoni. Aliona hatanii. Wiki ile ile akaenda naye kung'olewa meno; mimi alinikataza kuwafuata.

Sasa ufizi wake hautoi usaha, anameza dawa ya presha kila asubuhi, na kiharusi cha pili hakijaja. Mimi simtibu mtu tena. Katika fanfare baba anapiga ngoma kubwa, anaichukia, na hajanisamehe.